Waya Uliposhuka Kushoto

Sindano iliingia chini ya mtulinga wa kushoto na damu ikarudi kwenye bomba: nyeusi, tulivu, haikuruka. Nikapitisha waya wa kuongozea, nikakanyaga kikanyagio cha eksirei, nikainua macho kwenye skrini. Waya ulitakiwa ukate kifua kwenda kulia, kisha ushuke kuingia moyoni. Haukukata kwenda popote. Ulishuka wima, kushoto kwa uti wa mgongo, ukapotelea nyuma ya moyo.

Nikautoa, nikabonyeza kwa kidole dakika tano huku sista akinihesabia. Nilidhani nimetoboa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Aota, ateri kubwa kuliko zote, nayo hushuka upande huo huo wa kushoto, na mtu aliyezoea kuuona waya kwenye njia moja, akiuona kwenye nyingine huwaza baya kwanza. Nikachoma tena, sentimita moja pembeni. Damu ile ile nyeusi, njia ile ile ya kushoto. Chini ya aproni ya risasi ya kukinga mionzi shati lilikuwa limelowa chapachapa.

Hii ni miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshaweka betri za moyo nyingi, vile vifaa vidogo vya kuupigisha moyo, na mikono yangu ilikuwa inaijua kazi kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuiachia mikono iwaze.

Mgonjwa nitamwita Mama Cherehani, maana cherehani ndiyo iliyomlea yeye na wanawe. Alikuwa na miaka sitini na ushee, anaishi Mbagala, na alikuwa ameshona sare za shule za watoto wa mtaa ule tangu wanawe wenyewe hawajazaliwa. Mara ya kwanza alizimia jikoni, watu wakasema njaa. Mara ya pili akazimia ndani ya daladala, wakasema joto na msongamano. Mara ya tatu alianguka juu ya cherehani, sindano ikamtoboa kidole cha shahada, na binti yake akakataa kusikia tena habari za presha kushuka. Walipofika kwetu mapigo yalikuwa 32 kwa dakika. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha bloku kamili: vyumba vya juu vinapiga kwa mwendo wao na vya chini kwa mwendo wao, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana.

Usiku ule ule tulimpitishia waya wa muda kwenye mshipa wa pajani, tukaupigisha moyo 60. "Mbona kama mmewasha taa," akasema. Waya huo wa pajani hupanda moyoni kutokea chini, kwa vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni, kwa hiyo haukutupa dalili yoyote ya kilichokuwa kinatungoja juu.

Asubuhi nilikwenda kukaa kando ya kitanda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, niambie mnanifanya nini."

Nikamwonyesha betri yenyewe, upana wake kama kiberiti lakini nyembamba zaidi, uzito haufiki gramu 30. Nikamweleza kwamba inakaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake unapita ndani ya mshipa hadi moyoni. Akaigeuza mkononi kama anayekagua kifungo. Akauliza kama waliowekewa zamani waliishi. Nikamsimulia habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ya moyo ndani ya mwili, Oktoba 1958, mjini Stockholm. Daktari aliyemfanyia upasuaji alikuwa Åke Senning na aliyetengeneza kifaa ni mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Akawekewa kingine, na kingine, jumla vikafika 26, na Larsson akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya kuwazika wote wawili, daktari na mhandisi.

Mama akahesabu kwa vidole. "Arobaini na mitatu aliyoongezewa. Basi niwekeeni na mimi. Ila mkono huu," akauinua wa kulia, "msiuguse. Huu ndio unaoshika mkasi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa wanaotumia mkono wa kulia sisi huweka kushoto. Niliahidi upande ambao sikuwa nimeuangalia.

Na kuuangalia ningeweza. Kwenye faili lake kulikuwa na majibu ya eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Nilisoma yale niliyokuwa nayatafuta: nguvu ya moyo nzuri, valvu nzuri, hakuna maji kuzunguka moyo. Chini kabisa, kwa kalamu, kijana aliyefanya kipimo alikuwa ameandika: "Sainasi ya koronari imepanuka. Tafadhali angalieni vena ya kushoto." Sainasi ya koronari ni mfereji ulio nyuma ya moyo, unaokusanya damu ya msuli wa moyo wenyewe na kuimwaga kwenye chumba cha juu cha kulia. Ikipanuka, yapo magonjwa yanayoweza kuwa chanzo, lakini jambo la kwanza la kujiuliza ni kama kuna mto mwingine unaoingilia humo. Macho yangu yalipita juu ya mstari ule, mkono ukatia saini.

Mstari ule ulinirudia nikiwa nimesimama na sindano mkononi, baada ya kuchoma mara ya pili. Lakini ulirudi kama ndoto unayoikumbuka nusu, na sikuuamini. Nikamwomba sista ampigie simu mwalimu wangu, ambaye alikuwa ameshastaafu. Kwa kuwa mimi nilikuwa na glovu safi, sista akanishikia simu sikioni, ameinyoosha mikono mbali na mwili wake ili asiguse gauni langu.

"Damu ina rangi gani?" mzee akauliza. Hakunisalimu kwanza, na mtu yule hakuwahi kuruka salamu.

"Nyeusi, mzee."

"Inaruka?"

"Hairuki."

"Basi uko kwenye vena tangu mwanzo. Unabishana na damu ya nini? Acha kuchoma. Piga dawa ya rangi uone barabara yenyewe inakokwenda."

Kanula ya Mama, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, tulikuwa tumeiweka mkono wa kulia, eti wa kushoto ubaki safi kwa kazi. Kwa hiyo dawa ikabidi ipitie kwenye sindano iliyokuwa tayari mshipani. Mililita 10, nikakanyaga kikanyagio. Rangi ikashuka mbele ya macho yetu sote kwenye bomba nene la upande wa kushoto, ikazunguka nyuma ya moyo, ikaibukia kwenye chumba cha juu cha kulia. Ule mshipa wa kuvusha damu kutoka kushoto kwenda kulia, ambao karibu kila mtu anao, haukuonekana. Kisha tukapiga dawa kupitia kanula ya kulia: upande huo ulikuwa kama wa mtu yeyote.

Mtoto akiwa tumboni, wiki za mwanzo, huwa na vena kubwa mbili zinazoshusha damu ya kichwa na mikono, moja kulia na moja kushoto. Ya kushoto kwa kawaida husinyaa na kubaki kikano tu, kile kinachoitwa kwa jina la John Marshall, daktari wa Uingereza aliyekieleza mwaka 1850. Kwa watu wachache haisinyai. Wanazaliwa nayo, wanakua nayo, wanazaa na kuzeeka nayo, na wengi hawaumwi chochote kwa sababu yake, maana damu inafika kule kule. Vitabu vinataja watu 3 hadi 5 katika kila 1,000. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Kwa hesabu hiyo wenye vena hii jijini kwetu ni zaidi ya 16,000. Siku hizi nikipita Kariakoo na ule umati, huwa nawawaza.

Mzee alikuwa bado kwenye simu. "Kulia kupo," akasema. "Ukienda kulia hakuna atakayekulaumu. Ukibaki kushoto, jipe muda, na muda ukiisha usitafute mwingine."

Nikainama karibu na shuka. Kazi hii tunaifanya kwa ganzi, mgonjwa yuko macho.

"Mama, unanisikia?"

"Nawasikia tangu zamani. Mmekwama?"

Nikamwambia ukweli: mshipa wake wa kushoto unapita njia nyingine, kazi inawezekana lakini ni ngumu, na tukihamia kulia itakuwa rahisi ila atakuwa na jeraha la pili upande wa mkono wa mkasi. Akanyamaza kidogo. "Jaribu. Ikishindikana nenda huko kulia, nitazoea. Lakini jaribu kwanza."

Sista akatega saa dakika 30.

Wenzangu wa fani wataelewa, na wasiokuwa wa fani nao nitajaribu kuwaelewesha, kwa nini ni ngumu. Waya unaotokea kulia unaingia moyoni kwa juu, na kutoka hapo hadi valvu ya trikaspidi, mlango wa chumba cha chini, ni kuupinda kidogo tu. Waya unaotokea kwenye sainasi ya koronari unachungulia chumbani kutokea chini, nyuma, na ncha yake imeelekea ukuta wa nje. Mlango unaoutafuta uko jirani kabisa, sentimita chache, ila ncha imeupa kisogo. Ukisukuma tu, unazidi kwenda mbali nao.

Kwenye rafu kulikuwa na waya tatu za aina iliyofaa kazi ile, zile zenye skrubu nchani zinazojikaza kwenye nyama ya moyo. Za vijino vya kujishikiza tu zingeteleza. Mbili zilikuwa za sentimita 52, fupi mno kwa mzunguko ule. Moja ya 58. Nikaichukua hiyo.

Ndani ya waya wa betri hupita waya mwingine mwembamba, stileti, na umbo unaloipa stileti ndilo waya mzima unalofuata. Nikaikunja kwa vidole, polepole, mkunjo mpana kama mpini wa mwavuli. Jaribio la kwanza ncha ikatumbukia kwenye vena kava ya chini. Nikarudisha, nikapanua mkunjo. La pili ikajipenyeza kwenye tawi dogo la sainasi yenyewe, na hapo nikarudi nyuma kwa adabu kubwa, maana kuta za vena zile ni nyembamba na ukizichana unaleta damu kuzunguka moyo. La tatu sikuutafuta mlango kabisa. Nikaupeleka waya hadi ukuta wa nje, nikausukuma taratibu mpaka ukuta ukaukataa, ukajikunja ukawa kitanzi, na ncha ikageuka yenyewe kuelekea kushoto.

Kwenye monita mapigo mawili mapana yakaruka. Fundi wa mionzi akasema, "Umeingia," kabla mimi sijathubutu kulisema. Chumba cha chini kikiguswa na waya hushtuka hivyo. Nikaivuta stileti nyuma kidogo, ncha ikasonga mbele, nikaanza kuzungusha skrubu huku nikihesabu mizunguko kwa sauti.

Bado sikuamini, na safari hii kutoamini kulikuwa na faida. Tukainamisha kamera upande wa kushoto nyuzi 40 kuhakikisha ncha imelala kwenye ukuta wa kati wa moyo na haijafichama kwenye vena ya nyuma. Tukatazama umbo la pigo lenyewe kwenye kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu moyo ukipigishwa kutokea kulia huandika tofauti na ukipigishwa kutokea kushoto. Umeme mdogo kabisa uliotosha kuupigisha moyo ulikuwa volti 0.7. Tukapandisha hadi volti 10 kuona kama kiwambo cha tumbo kitarukaruka; hakikuruka. Saa ya sista ilikuwa imefika dakika ya 24.

Ningependa kumwekea waya wa pili kwenye chumba cha juu ili vyumba vipokezane kama zamani, na tukampa nafasi ya kuuliza juu ya hilo baadaye. Siku ile niliona inatosha. Tangu ngozi ilipokatwa hadi iliposhonwa zilipita saa mbili na dakika hamsini, na watoto wake walikuwa kwenye korido wameacha hata kukaa.

Kesho yake nilirudi kitandani kumweleza. Nikatafuta mfano, nikaupata alikotoka mwenyewe, mjini. Nikamwambia: mama, ukiwa Magomeni unataka Kariakoo, unapita Jangwani, moja kwa moja. Mvua ikinyesha Msimbazi ukajaa, Jangwani hapapitiki, unazungukia Kinondoni, unashukia daraja la Salender, unaingia mjini kwa upande wa pili. Unafika, ila kwa mlango mwingine. Damu ya mkono wako wa kushoto imepitia Salender tangu ukiwa tumboni. Jangwani yako haikujengwa.

Akacheka mpaka akashika mshono. "Miaka yote hiyo!"

Kisha nikamwambia na lile lingine. Kwamba kulikuwa na karatasi iliyolitaja jambo hili siku mbili kabla, na nilitia saini bila kulitilia maanani, na kwamba sehemu kubwa ya muda aliolala pale mezani ilitokana na hilo. Hakuna aliyenilazimisha kusema. Lakini alikuwa amenikabidhi mkono wake wa mkasi, na nilijua kila nikimwona kliniki ningelibeba peke yangu.

Alinitazama muda mrefu. Binti yake aliinamisha uso. "Umeniambia," Mama akasema. "Sawa. Na yule aliyeandika, umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nikashuka ghorofa ya chini jioni ile, nikamkuta yule kijana wa eko anafunika mashine. Nikamshukuru, nikamwomba anionyeshe picha zenyewe. Akaifufua mashine, akanionyesha mduara mweusi nyuma ya chumba cha juu cha kushoto, mpana kuliko sentimita moja na nusu. Ukishauona mara moja huwezi tena kutouona. Akanieleza pia kipimo cha mapovu, ambacho nilikisoma chuoni na sikuwahi kukiomba hata siku moja: unachukua mililita 9 za maji ya chumvi na 1 ya hewa, unayapeleka huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka yawe na mapovu madogo, unayapitisha kwenye kanula ya mkono wa kushoto huku eko ikiangalia. Kwa mtu wa kawaida mapovu yanaonekana kwanza kwenye chumba cha juu cha kulia. Kwa mwenye vena ya kushoto, mduara ule wa nyuma ndio unaong'aa kwanza. Na yakitokea kwanza kwenye chumba cha juu cha kushoto, hapo unasimama kabisa, maana vena hiyo inamwaga upande unaopeleka damu kwenye ubongo, na waya ndani yake ukishika damu iliyoganda ni kiharusi.

Ni maji ya chumvi na dakika tano. Hospitali isiyo na mashine ya kisasa sana inaweza kukifanya.

Tangu hapo kanula ya mgonjwa wangu wa betri inakaa mkono wa upande ninaokwenda kufanyia kazi, si ule mwingine. Majibu ya eko nayasoma kuanzia chini. Na waya ukienda nisikotarajia, sichomi tena kabla sijapiga rangi.

Nimekutana na vena hii mara mbili nyingine. Dereva mmoja wa fuso tulimgundua mapema kwa mapovu, tukaenda kulia, tukamaliza chini ya saa moja. Hakuna cha kusimulia, na napenda iwe hivyo. Wa tatu alikuwa binti mdogo. Yeye alikuwa na ya kushoto, ya kulia haikuwepo kabisa, na tulijua kabla ya kumwingiza chumbani. Tulikaa na madaktari wa upasuaji wa kifua, tukakubaliana wao waushone waya juu ya moyo kwa nje. Mama yake aliuliza kwa nini mtoto wake anapasuliwa na wenzake wodini wanachomwa sindano tu. Nikachora. Nilichora Jangwani na Salender kwenye nyuma ya karatasi ya maabara, na akaomba aondoke nayo.

Mama Cherehani huja kliniki kila baada ya miezi sita. Betri yake ina nguvu, volti zinazohitajika zimepanda hadi 0.8 na kutulia hapo, na jambo la waya wa pili tulilizungumza, akasema hapana, ameridhika. Mkono wa kushoto aliutunza wiki sita bila kuunyanyua juu ya bega, kama tulivyomwagiza. Kwa wiki zile mjukuu ndiye aliyemwekea vitambaa chini ya sindano. Nilimpa kadi ya betri na nikaambatanisha karatasi kwa mwandiko wangu, kwa ajili ya daktari yeyote atakayetaka kumpitishia mpira shingoni au kifuani upande wa kushoto siku mimi nisipokuwepo. Inasema: "Vena kava ya juu ya kushoto ipo, inamwaga kwenye sainasi ya koronari. Ya kulia ipo, ni ya kawaida. Waya wa betri umepita kushoto."

Karatasi ilianza kuchakaa mikunjoni. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa ameishonea mfuko wa kitambaa cha kanga, wenye kifungo, unaokaa ndani ya mkoba wake. Aliufungua, akanipa karatasi, akasema niiandike upya kwa kalamu isiyofutika kwa jasho.